Tanzia Katika Riwaya ya Mapinduzi: Nani Hasa Anayeanguka Katika A Tale of Two Cities?

Utangulizi

Waulize wanafunzi wa kidato cha tatu maana ya tanzia na wengi watakujibu bila kusita kwamba ni kazi ambayo mhusika mkuu hufa. Jibu hilo si uongo mtupu, lakini ni nusu ya jibu, na nusu hiyo huwapotezea alama. Mtahiniwa anayeiamini huona tanzia popote penye maziko. Akikutana na mhusika anayeangamia ilhali bado yu hai, hana la kusema. Makala haya yanadhamiria kulichunguza suala hili kwa kutumia riwaya moja mashuhuri ya kihistoria, A Tale of Two Cities ya Charles Dickens, iliyochapishwa mwaka wa 1859 na inayosawiri Mapinduzi ya Ufaransa.

Huenda ukauliza, mwalimu mwenzangu, kwa nini tuvuke bahari ilhali tunazo kazi zetu wenyewe. Swali hilo ni la haki. Tunayo Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na tunayo tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji. Sababu yangu ni ya kidarasa. Kazi iliyoteuliwa kutahiniwa huja na miongozo, na mwanafunzi huikariri miongozo hiyo kabla ya kuifikiria kazi yenyewe. Kazi isiyotahiniwa humlazimisha kufikiri. Akishaifahamu tanzia pale ambapo hana mwongozo wa kukariri, ataitambua kokote atakakoikuta.

Hoja yangu kuu ni hii: wasomaji wengi huiita riwaya hii tanzia kwa sababu ya kifo cha Sydney Carton. Nitajaribu kuonyesha kwamba kifo hicho kina sifa chache sana za tanzia, na kwamba tanzia yenyewe imo katika maisha ya wahusika wengine wawili, Daktari Manette na Madame Defarge, na vilevile katika hatima ya umma ulioyaanzisha mapinduzi.

Muhtasari wa riwaya

Kwa faida ya msomaji ambaye hajaipata riwaya hii, nitaisimulia kwa ufupi. Mwaka wa 1775, Bwana Jarvis Lorry wa benki ya Tellson anasafiri kwenda Paris kumchukua Daktari Alexandre Manette, aliyefungwa katika gereza la Bastille kwa miaka 18 bila kesi. Mzee huyu amepungukiwa na akili na kazi yake ni kushona viatu tu. Binti yake Lucie anamrejesha London, na kwa mapenzi yake anamrudishia utu wake. Miaka mitano baadaye, kijana Mfaransa aitwaye Charles Darnay anashtakiwa London kwa uhaini. Anaokolewa na ajabu moja: wakili mlevi, Sydney Carton, anafanana naye kama shilingi kwa ya pili. Wote wawili wanampenda Lucie, na Darnay ndiye anayemwoa.

Darnay kwa kweli ni mwana wa ukoo wa Evrémonde, makabaila walioutesa umma wa Ufaransa. Aliukana ukoo huo na mali yake. Mapinduzi yanapozuka, anarudi Paris mwaka wa 1792 kumwokoa mtumishi wake wa zamani, naye anatiwa gerezani. Anaachiliwa kwa juhudi za Daktari Manette, lakini anakamatwa tena usiku uo huo na kuhukumiwa kifo. Carton anaingia gerezani kwa hila, anabadilishana naye nguo, na kufa badala yake.

Dhana ya tanzia

Aristotle, katika andiko lake kuhusu sanaa ya ushairi, alieleza kwamba shujaa wa tanzia si malaika wala si ibilisi. Ni mtu wa kadiri ambaye huanguka kwa sababu ya kosa au dosari fulani yake mwenyewe. Alisisitiza mambo mawili katika msuko: mgeuko, yaani kitendo kilichokusudiwa kuleta jambo moja kinapozaa kinyume chake, na utambuzi, yaani mhusika anapoufahamu ukweli uliokuwa umefichika. Matokeo yake ni kwamba hadhira hujawa na huruma na hofu. Mfano wake mkuu ni Edipode, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Edipode anamtafuta mwovu wa mji na kugundua kwamba mwovu huyo ni yeye mwenyewe.

Kutokana na maelezo haya tunaweza kumpa mwanafunzi maswali manne ya kumuuliza mhusika yeyote:

(a) Je, anguko lake linatokana na kitendo au dosari yake mwenyewe?
(b) Je, jambo alilolitenda kwa nia moja limemgeukia na kuzaa kinyume?
(c) Je, anautambua ukweli kabla ya mwisho?
(d) Je, tunamwonea huruma na kuingiwa na hofu kwamba nasi tungeweza kuwa yeye?

Tazama kwamba hakuna swali linalouliza kama mhusika amekufa.

Sydney Carton: kafara, si tanzia

Tuanze na Carton, kwa kuwa ndiye anayependwa. Anguko lake, kama ni anguko, linatokana na kitendo chake: anachagua kufa. Lakini uchaguzi huo haukutokana na dosari bali na wema wake mkuu kuliko wote. Mgeuko haupo, kwa sababu mpango wake unafaulu kama alivyoupanga. Jasusi Barsad anashurutishwa kusaidia, Darnay anatolewa akiwa amezirai, na gari linaondoka Paris salama. Utambuzi upo, lakini ni wa amani: anaona kwamba maisha aliyoyapoteza kwa pombe sasa yamepata maana. Hisia tunazobaki nazo ni huruma na fahari. Hofu haipo.

Kwa hiyo njia ya Carton inapanda. Anaanza shimoni, akimfanyia Stryver kazi zote za akili huku Stryver akila sifa, na anamalizia juu kileleni. Hii ni hadithi ya ukombozi kwa njia ya kafara. Tunajua hata chanzo chake: mwaka wa 1857 Dickens aliigiza katika The Frozen Deep, tamthilia ya Wilkie Collins, akiwa katika nafasi ya Richard Wardour, mtu anayejitoa mhanga kumwokoa mshindani wake katika mapenzi. Dickens mwenyewe alisema katika dibaji kwamba wazo la riwaya lilimjia wakati huo. Ukitaka kuona tanzia katika Carton, itafute katika ujana wake uliopotea, si katika kifo chake.

Daktari Manette: kalamu iliyorudi kumchoma mwenyewe

Sasa linganisha na Daktari Manette. Desemba 1757, ndugu wawili wa ukoo wa Evrémonde wanamchukua usiku kumtibu msichana wa kimaskini aliyenajisiwa na kaka yake aliyechomwa upanga. Wote wawili wanafariki. Manette anakataa kuhongwa kwa dhahabu na kumwandikia waziri kueleza aliyoyaona. Barua hiyo inawafikia wenye hatia, naye anatupwa Bastille. Miaka kumi baadaye, akiwa chumba nambari 105 katika Mnara wa Kaskazini, anayaandika yote kwa wino wa masizi, makaa na damu yake, kisha anaficha karatasi hizo ndani ya bomba la moshi. Mwishoni mwa andiko anawalaani Evrémonde na kizazi chao chote hadi wa mwisho.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni muhimu mwanafunzi alione vizuri. Kushtaki dhuluma si kosa. Hasira yake ni ya haki, wala hakuna msomaji atakayemlaumu mtu aliyekaa kizuizini miaka kumi. Kosa lake ni maneno machache tu ya mwisho: aliwashtaki hata ambao hawajatenda, hata ambao hawajazaliwa. Wakati ule Charles alikuwa mtoto mdogo. Manette aliandika laana bila kujua kwamba mtoto huyo ndiye atakayekuwa baba wa wajukuu wake.

Mgeuko unakuja mwaka wa 1793. Kwanza, mateso ya Manette yanageuka kuwa nguvu. Umma wa Paris unamheshimu kama mfungwa wa Bastille. Anaingia na kutoka magerezani na kumpigania mkwewe, na mahakama inamwachilia Darnay. Kwa mara ya kwanza mzee anaona kwamba miaka ile 18 haikupotea bure. Usiku uo huo Darnay anakamatwa tena. Washtaki ni watatu: Defarge, mkewe, na Daktari Manette mwenyewe. Anapiga kelele kwamba ni uongo. Kisha karatasi zake, ambazo Defarge alizipata siku Bastille ilipovamiwa tarehe 14 Julai 1789, zinasomwa mbele ya mahakama.

Hapa mgeuko na utambuzi vinatokea kwa wakati mmoja, jambo ambalo Aristotle alilihesabu kuwa msuko bora zaidi. Kifungo kilichompa uwezo wa kumwokoa Darnay ndicho kinachomuua. Shahidi mkuu dhidi ya mume wa binti yake ni mkono wake mwenyewe. Hawezi kuyakana maandishi hayo, kwa kuwa yote yaliyomo ni kweli.

Mzee anatoka kujaribu kuomba tena, na anaporejea usiku akili imekwenda. Anataka benchi lake la kushonea viatu. Kinaya kinazidi hapo: benchi hilo liliharibiwa na rafiki zake, Lorry na Bi. Pross, kwa upendo, baada ya Manette kurudiwa na wazimu kwa siku tisa kufuatia harusi ya Lucie. Siku ya harusi ndiyo siku Darnay alipomfichulia jina lake halisi. Manette hafi, na mwishoni Carton anamwona katika maono akiwa amepona. Hata hivyo, majibu ya maswali yetu manne yote ni ndiyo. Huyu ndiye shujaa wa tanzia.

Mwongoze mwanafunzi pia aone jinsi Dickens alivyotayarisha jambo hili mapema. Katika kitabu cha pili, Darnay anasimulia jioni moja London kuhusu mfungwa wa zamani aliyeficha maandishi yake gerezani. Manette anashtuka ghafla, kisha anasingizia mvua. Msomaji wa mara ya kwanza anapita. Msomaji wa mara ya pili anaelewa. Hiyo ndiyo kazi ya mbinu ya utabiri.

Madame Defarge: aliyedhulumiwa akawa dhalimu

Wanafunzi humwona Madame Defarge kuwa mwovu tu, na mwandishi ana sehemu ya lawama katika hilo. Lakini yeye ndiye mdogo wa yule msichana aliyenajisiwa. Dada, kaka, shemeji na baba, wote walikufa kwa sababu ya Evrémonde. Hakuna mahakama iliyomsikiliza. Alichobaki nacho ni sindano na uzi, naye anayafuma majina ya maadui katika kitambaa kama karani aandikaye katika daftari lisilofutika.

Dosari yake ni kwamba hajui mpaka. Mumewe anaona kwamba ni lazima kisasi kikome mahali fulani. Yeye haoni hivyo: baada ya Darnay anawataka Lucie na mtoto wake mdogo. Linganisha sasa. Evrémonde waliiangamiza familia yake kwa sababu haikuwa na jina, na yeye anataka kuiangamiza familia nyingine kwa sababu ya jina. Amekuwa kile alichokichukia. Mgeuko wake ni wa wazi: anakwenda nyumbani kwa Lucie akiwa na bastola kifuani, na katika purukushani na Bi. Pross bastola hiyo hiyo inamuua.

Lakini swali la tatu linamshinda. Anakufa bila kutambua lolote. Hapa namlaumu Dickens. Angempa mwanamke huyu hata dakika moja ya kujitambua, tungekuwa na tanzia kamili. Badala yake anampa pambano la kusisimua ambalo limekaribia melodrama. Utambuzi unaachiwa msomaji, na ni juu ya mwalimu kuhakikisha kwamba msomaji anaupata.

Umma wa Saint Antoine

Tanzia katika riwaya ya mapinduzi si ya mtu mmoja tu. Mwanzoni pipa la divai linapasuka barabarani, na watu wenye njaa wanainama kuinywa kutoka kwenye mawe. Gaspard anachovya kidole katika tope la divai na kuandika neno damu ukutani. Baadaye gari la Marquis linamuua mtoto wa Gaspard, na Marquis anamrushia baba sarafu. Nani hangekasirika? Umma huu una haki ya kuinuka, na Dickens analisema hilo bila kificho.

Kisha tazama ukurasa wa mwisho. Miongoni mwa watu 52 wanaopelekwa kwenye gilotini siku ile yumo msichana mshonaji, maskini, yatima, asiyejua kosa lake. Mapinduzi yaliyofanywa kwa ajili ya watu kama yeye yanamkata kichwa. Huo ni mgeuko wa jamii nzima. Historia inathibitisha: katika Utawala wa Hofu wa 1793 na 1794, watu takriban 17,000 walihukumiwa na kuuawa, na wengi wao hawakuwa makabaila. Hapa tunaweza kukumbuka Kinjeketile, ambapo maji yaliyokusudiwa kuwaunganisha watu ndiyo yanayowapeleka mbele ya bunduki.

Udhaifu wa riwaya

Uhakiki si sifa tupu. Kwanza, sadfa zimekithiri. Defarge alikuwa mtumishi wa Manette, mkewe ni ndugu wa wahasiriwa, Barsad ni kaka wa Bi. Pross, na Carton anafanana na Darnay. Sadfa moja hujenga tanzia. Zikizidi, msomaji huanza kuhisi mkono wa mwandishi mahali ambapo angehisi mkono wa majaliwa.

Pili, Dickens alitegemea mno kitabu cha Thomas Carlyle cha 1837 kuhusu mapinduzi haya. Anauona umma kama mafuriko au wanyama, na hasemi mengi kuhusu fikra zake. Kufutwa kwa haki za kikabaila na Tamko la Haki za Binadamu, yote ya Agosti 1789, hayana uzito katika msuko. Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad anaelekea upande mwingine, akiyaona mapinduzi kama mlango wa ukombozi wa wanyonge. Kulinganisha kazi hizi mbili ni zoezi zuri darasani, kwani kunamfunza mwanafunzi kwamba riwaya ya kihistoria si historia bali ni msimamo wa mwandishi kuhusu historia.

Mafunzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Wewe mtahiniwa, ukiulizwa uthibitishe kwamba kazi fulani ni tanzia, usianze kwa kuhesabu maiti. Tambulisha mhusika, taja dosari au kosa lake, eleza mgeuko, onyesha utambuzi, kisha eleza hisia zinazoibuliwa, na kila hoja iwe na mfano kutoka kazini. Sifa moja ikikosekana, usiifiche. Sema haipo na ueleze athari ya kukosekana kwake. Mtahini humthamini anayefikiri. Tena usichanganye kafara na tanzia: mtu anayekufa kwa hiari akijua anachokinunua kwa kifo chake huenda ni shujaa, lakini si lazima awe shujaa wa tanzia.

Kwako mwalimu, hakikisha kwamba toleo ulilo nalo lina barua ya Manette kwa ukamilifu, sura ya kumi ya kitabu cha tatu. Toleo lililoipunguza barua hiyo limeikata riwaya moyo.

Kuna jambo moja zaidi. Darnay hahukumiwi kwa alilolitenda. Aliukana ukoo, akaacha mali, akaishi kwa kufundisha lugha. Anahukumiwa kwa jina alilozaliwa nalo. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha na maelfu walifukuzwa makwao, wengi kwa sababu ya jina na lugha ya mama. Wanafunzi tunaowafundisha sasa wamezisikia habari hizo kwa wazazi wao, wengine kwa uchungu unaofanana sana na ule wa barua ya Manette. Mwanafunzi wa aina hiyo hahitaji kuambiwa kwamba hasira yake si ya haki, maana huenda ni ya haki kabisa. Anahitaji kuona, kupitia kwa mzee mmoja wa Paris, gharama ya maneno yale machache ya mwisho: wao na kizazi chao.

Hitimisho

Tumeona kwamba tanzia katika A Tale of Two Cities haimo katika kifo kinachotuliza, bali katika kitendo cha haki kilichovuka mpaka na kumrudia mtendaji. Manette anaitimiza tanzia hiyo kikamilifu, Madame Defarge anaikaribia, na umma wa Saint Antoine unaibeba kwa pamoja. Jaribu maswali yale manne katika kila tamthilia na riwaya unayoifundisha muhula huu. Yatakapokataa kujibika, hapo ndipo mjadala wa darasa uanzie.